Kipandauso: namna ya kukituliza, kutoka nyuma ya kaunta ya dawa

"Dokta, nipatie ya kichwa, ile kali." Hapa Tanga kila anayesimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa ni dokta, hata ujieleze mara ngapi kwamba wewe ni mfamasia. Sauti hiyo naijua kabla sijainua macho: mtu amefumba jicho moja, kiganja kimebana paji la uso, na taa ya dukani inamkera. Naijua pia kwa sababu mimi mwenyewe nimeishi na kipandauso tangu kidato cha pili.

Ninachokuonyesha hapa ndicho ninachokifanya mimi na ninachowaelekeza wateja, kwa mpangilio wake. Dawa za kawaida, za bei ya kawaida, zinawatosha watu wengi. Shida ni kwamba tunazimeza tukiwa tumechelewa, tena kidogo kidogo, tena mara nyingi mno. Vipimo nitakavyotaja ni vya mtu mzima. Majina ya dawa nimeyaacha kama yalivyochapwa kwenye pakiti ili usipotee dukani.

Hatua ya 1: Jiridhishe kwamba ni kipandauso kweli

Huku kwetu kichwa kikiuma, jibu la kwanza ni malaria, la pili taifodi, la tatu "labda macho". Nimekutana na watu waliomeza dozi ya malaria mara tatu, mara nne kwa mwaka bila kupimwa, na kichwa kikarudi vilevile. Kipandauso hakileti homa. Mwili ukichemka, kapime malaria kwanza. Kipimo cha haraka cha tone la damu hutoa jibu ndani ya nusu saa.

Kipandauso kina tabia zake. Kisipotibiwa hukaa saa 4 hadi 72. Mara nyingi hushika upande mmoja, kikapwita kama vile moyo umehamia kwenye panja. Ukipanda ngazi au ukiinama kufunga kamba za viatu, kinazidi. Pamoja nacho huja kichefuchefu au kutapika, au mwanga na kelele visivyovumilika. Mtu anayelalamikia kichwa huku anakaanga samaki na redio inaimba pembeni, huyo kwa kawaida ana kichwa cha uchovu, na mwongozo huu haumhusu sana.

Lakini acha kusoma na uende hospitali leo hii ikiwa:

- maumivu yamelipuka ghafla na kufika kileleni ndani ya dakika moja, kuliko yoyote uliyowahi kuyapata;
- kuna homa na shingo imekaza, au mtu anachanganyikiwa, au amepata degedege;
- mkono au mguu umelegea, mdomo umekwenda upande, au maneno hayatoki;
- umeumia kichwa karibuni;
- una mimba ya zaidi ya wiki 20, au umejifungua karibuni, maana hicho chaweza kuwa kifafa cha mimba kinabisha hodi;
- unaishi na VVU na kichwa hiki ni kigeni kwako;
- umevuka miaka 50 na hujawahi kuwa mtu wa kuumwa kichwa.

Hatua ya 2: Zijue hodi zake

Kipandauso hakivamii, hupiga hodi. Kwangu mimi hodi ni miayo mfululizo saa nne asubuhi, ingawa usiku nililala vizuri, na shingo inayokaza kama niliyebeba ndoo. Mwenzangu wa zamu husema ananijua kwa jinsi ninavyoanza kuulizia kashata. Wengine huwa wakali bila sababu, au hukojoa mara kwa mara. Dalili hizi zaweza kutangulia kwa saa kadhaa, hata siku nzima.

Kisha kuna wanaoona mambo: mistari inayometameta yenye meno kama ya msumeno, doa lisiloonyesha kitu katikati ya ukurasa, au ganzi inayotambaa kutoka vidoleni kwenda mdomoni. Hii huitwa aura. Hujijenga polepole, ikadumu dakika 5 hadi 60, kisha kichwa kinaanza. Ikikupata kwa mara ya kwanza, usijitibu. Nenda ukaonwe, kwa sababu kiharusi nacho hufanana nayo. Mwanamke mwenye aura asitumie vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili, kwani vinaongeza hatari ya kiharusi. Mwambie mhudumu wa kliniki neno hilo kabla hajakupa pakiti; vipo vidonge vya homoni moja, sindano, kipandikizi na kitanzi.

Hatua ya 3: Meza mapema, meza kipimo kamili

Hapa ndipo vita vinaposhindwa. Kipandauso kinapoanza, tumbo nalo hulegea. Chakula na vidonge hukaa tumboni bila kusonga. Ukisubiri saa tatu "nione kama kitatulia", kidonge chako kitakaa huko kimelala wakati kichwa kinaungua. Kwa hiyo meza mara tu maumivu yanapoanza, yakiwa bado madogo. Usimeze kwenye miayo, wala usisubiri hadi utapike.

Kipimo nacho. Tumezoea kununua vidonge viwili ndani ya bahasha ndogo, kimoja tunameza sasa, cha pili tunamwekea mtoto wa shangazi. Kidonge kimoja cha paracetamol cha 500 mg hakitoshi kipandauso. Chagua mstari mmoja kati ya hii:

- ibuprofen 400 mg (kwa kawaida vidonge viwili vya 200);
- aspirin 900 mg, yaani vitatu vya 300, afadhali viyeyushwe kwenye maji. Ile ndogo ya 75 wanayopewa wagonjwa wa moyo siyo hii;
- paracetamol 1000 mg, yaani viwili vya 500. Hii ndiyo dhaifu kidogo kati ya hizi, lakini ndiyo ya mjamzito na ya wengi wasioweza zile mbili za juu.

Kunywa na glasi nzima ya maji na kitu kidogo tumboni, hata ndizi mbivu. Kikombe kimoja cha kahawa au chai ya rangi huisaidia dawa kufanya kazi. Ukikutana na muuza kahawa njiani, mpungie mkono.

Wa kuepuka ibuprofen na aspirin ni mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo, mjamzito, na ambaye dawa hizo humbana kifua. Aspirin asipewe mtoto wala kijana aliye chini ya miaka 16. Na kama kuna homa, viungo vinauma na macho yanauma kwa nyuma, weka zote mbili kando: huenda ni dengi, kama ile iliyoisumbua Dar es Salaam mwaka 2019, na dawa hizi huongeza hatari ya kutoka damu. Paracetamol nayo isizidi 4000 mg kwa saa 24, na kumbuka dawa nyingi za mafua zimeificha ndani yake.

Kama kutapika ndiko kunakokuangusha, mwombe daktari metoclopramide 10 mg. Huzuia kichefuchefu na kulisukuma tumbo lifanye kazi, kwa hiyo dawa ya maumivu inafika. Kwa vijana hasa, yaweza kukaza shingo na kugeuza macho. Ndiyo maana siigawi kwa mazoea. Zipo pia dawa za kipandauso chenyewe, kama sumatriptan ya 50 mg. Kwa mwenye aura humezwa maumivu yakianza, siyo wakati wa mistari ya msumeno. Inahitaji cheti cha daktari, bei yake inauma, na hairuhusiwi kwa aliyewahi kupata kiharusi, mgonjwa wa moyo, wala mwenye presha isiyodhibitiwa.

Sindano? Najua tunavyoziamini. Kwa mtu asiyetapika, kidonge kilichomezwa mapema kinamtosha.

Hatua ya 4: Giza, baridi, kitambaa

Ukishameza, usirudi kwenye simu. Funga mapazia, zima feni inayolia kama trekta, lala. Chupa ya maji iliyoganda kwenye friji, iviringishe khanga, iweke kisogoni au kwenye panja kwa dakika 15 hadi 20. Barafu isiguse ngozi moja kwa moja.

Bibi yangu alikuwa akijifunga kitambaa kichwani akikaza fundo juu ya panja linalouma. Nami hujifunga hivyohivyo. Kinanituliza, na hakijamdhuru mtu. Tangawizi mbichi iliyopondwa, ikatiwa maji ya moto na kunywewa funda kwa funda, hutuliza kichefuchefu. Dawa za kupaka zenye mentholi nazo si mbaya, ila wapo ambao harufu yake ndiyo inayowamaliza. Chale kwenye panja, hapana. Wembe uliopita kwa watu watatu waweza kuwa na virusi vya ini na VVU, na kichwa hakitajua kwamba umechanjwa.

Hatua ya 5: Hesabu siku, siyo vidonge

Kuna mama muuza vitumbua, mteja wangu wa Ngamiani, ambaye kwa miezi mingi alikuja kila asubuhi kununua vidonge viwili vyenye mchanganyiko wa paracetamol, aspirin na kafeini. Siku moja nilimuuliza, "Mama, mwezi huu umemeza siku ngapi?" Akacheka. "Mwanangu, uliza siku ambazo sijameza."

Hapo ndipo jibu lilipokuwa. Dawa ya maumivu ikimezwa mara kwa mara, yenyewe hugeuka kuwa chanzo cha maumivu. Mipaka inajulikana: paracetamol au ibuprofen peke yake, siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu; mchanganyiko wenye kafeini, dawa kali za maumivu zenye codeine au tramadol, au sumatriptan, siku 10 tu kwa mwezi zinatosha kukuingiza humo. Mtu huamka kichwa kinauma, anameza, kinapungua, kesho kinamwamsha tena. Mimi huwapa wateja kipimo chepesi kukumbuka: siku mbili kwa wiki, basi.

Kwa hiyo chukua kalenda ya ukutani, ile ya bure ya mwisho wa mwaka, na kalamu ining'inie kwenye uzi. Siku ya kichwa weka K. Siku uliyomeza dawa, D. Mwanamke aongeze H siku za hedhi. Basi. Madaftari yenye safu kumi na mbili hayaishi wiki, niamini.

Kama umeshazidisha, inabidi kuacha. Kichwa kitazidi kwa siku 2 hadi 10 kabla ya kulainika, kwa hiyo panga uanze wakati ambao huna harusi wala mtihani. Anayetumia codeine au tramadol asiache peke yake, aende kwa daktari.

Hatua ya 6: Tafuta kinachokichokoza

Kila mtu atakupa orodha yake ya vyakula vya kuacha. Mimi siachi chochote mpaka kalenda ikishuhudie mara tatu. Wachokozi ninaowakuta zaidi ni wa kawaida: kuruka mlo, kulala kidogo au kulala mno siku ya mapumziko, kukaa na kiu, na siku mbili kabla ya hedhi. Harufu pia: udi, manukato, moshi wa mkaa kwenye jiko lisilo na dirisha.

Mwezi wa Ramadhani unahitaji mipango yake. Siku za mwanzo duka hujaa watu wa kichwa, na kwa wengi ni kahawa na chai iliyokatwa ghafla pamoja na kiu. Anza kupunguza vikombe wiki mbili kabla, kimoja kimoja. Usiruke daku, na uile kwa kuchelewa. Kunywa maji kati ya futari na kulala badala ya kujaza tumbo mara moja. Dawa za kila siku zinaweza kuhamishiwa futari au daku, muulize aliyekuandikia. Na ikikushinda, mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku baadaye. Zungumza na shehe wako bila aibu.

Hatua ya 7: Vikizidi, omba dawa ya kuzuia

Kalenda ikionyesha K nne au zaidi kila mwezi, au chache zinazokulaza kitandani, nenda nayo kwa daktari. Usiseme "nasumbuliwa na kichwa". Mwonyeshe kurasa mbili tatu na useme: kinashika hapa, kinakaa saa kadhaa, nameza hiki, siku hizi. Dakika tano za daktari zitafika mbali.

Kuna dawa za zamani na za bei nafuu zinazomezwa kila siku ili kipandauso kisije. Propranolol, ambayo wengi wanaijua kama dawa ya presha na moyo, ni mojawapo. Haimfai mwenye pumu, na haiachwi ghafla. Nyingine ni amitriptyline, inayoanzia 10 mg usiku. Usishtuke ukiambiwa ni dawa ya sonona. Kwa kipimo hiki kidogo inatibu kichwa. Valproate pia hutumika, lakini haimfai mwanamke anayeweza kushika mimba, kwani huharibu mtoto tumboni. Yoyote utakayopewa, ipe wiki sita hadi nane kabla ya kuihukumu.

Mama wa vitumbua aliandikiwa amitriptyline. Wiki ya pili alirudi na malalamiko: kichwa kimepungua, lakini saa kumi alfajiri, wakati wa kuwasha jiko, haamki. Alikuwa anameza saa tano usiku, akishamaliza kusaga mchele. Daktari wake alikubali tuirudishe hadi baada ya magharibi, na siku hizi nikipita asubuhi ananiwekea vitumbua vinne, vile vya pembeni vilivyokauka kidogo, ninavyovipenda.