Somo: Kupima ekdisoni kwenye seli za wadudu

Ekdisoni ndiyo homoni inayomfanya kiwavi ajivue gamba, kwa hiyo wengi hudhani ukiitia kwenye chupa ya seli, zitaongezeka mbio. Jaribu kwa seli za Kc, aina ya seli za inzi wa matunda zinazokuzwa maabara, uone: zinaacha kugawanyika.

1. Kuza seli kwenye nyuzijoto 25, bila kabonidayoksaidi. Anza na seli milioni 1 kwa mililita. Zikiwa chache mno zinadoda, maana zinategemea vichocheo ambavyo zenyewe huvimwaga kwenye midia, yaani kimiminika cha kukuzia seli.

2. Yeyusha miligramu 4.8 za 20-hidroksiekdisoni, ile yenye nguvu kuliko ekdisoni yenyewe, katika mililita 10 za ethanoli. Tia mikrolita 1 kwa kila mililita ya midia. Umepata mikromola 1 (mikromoli 1 kwa lita).

3. Chupa ya pili, ya kulinganishia, itie ethanoli tupu, kiasi kilekile. Niliwahi kuiruka hatua hii, nikarudia wiki nzima ya kazi.

4. Hesabu seli kila siku kwa siku 4, na usiache kuchungulia kwenye hadubini. Chupa ya ethanoli ina seli za mviringo tu. Kwenye ile ya homoni seli zinarefuka, zinachomoza mikia myembamba, kisha zinashikana mafungu mafungu. Idadi inakwama kwa sababu seli zimesimama hatua ya G2: DNA imeshanakiliwa, mgawanyiko hauji.

Maswali

*Mwalimu, tukitaka kichocheo cha kukuza seli, insulini ya ng'ombe inafanya kazi kwa mdudu kweli?*
Inafanya. Kipokezi cha inzi kinaitambua, na nondo wa hariri ana jamaa yake, bombiksini. Seli za inzi ziitwazo Cl.8, zilizotoka kwenye diski za mabawa (vifungu vya seli za buu vinavyokuja kuwa mabawa), hukuzwa kwa insulini pamoja na maji ya inzi waliosagwa.

*Naongeza insulini lakini sioni tofauti. Natumia seramu (maji ya damu yasiyo na chembe) asilimia 10.*
Shida ni hiyo seramu. Ina vichocheo vyake tele, chako kinamezwa. Zoesha seli midia isiyo na seramu kwanza, punguza kidogo kidogo. Ukiikata ghafla zitakufa.

*Na homoni ya ujana, ile inayomzuia buu asikomae?*
Hiyo inapenda mafuta, inaganda kwenye kuta za plastiki na seli huivunja. Unadhani umetia kipimo fulani, kumbe kilichobaki ndani ni kidogo. Mie hutumia methopreni, mwigo wake wa kutengenezwa, inadumu zaidi.