Mkono wa serikali ulipo: mwongozo kwa Waafrika Mashariki wanaoishi na kufanya biashara China

Mwishoni mwa Septemba 2021 nilikwenda Dongguan, mji wa viwanda kusini mwa China, kukagua vyombo vya plastiki vya mteja wangu wa Kariakoo. Nilikuta mashine zimelala. Mwenye kiwanda alinimiminia chai, akaniambia agizo limeshuka: umeme siku nne kwa wiki, siku tatu giza. Mzigo uliokuwa upakiwe wiki ile ulichelewa zaidi ya mwezi. Mteja alinipigia kila jioni, na kwa sauti yake nilijua anadhani nimekula arubuni yake.

Kiwanda kile kilikuwa cha mtu binafsi: mashine zake, madeni yake. Lakini umeme ulitoka kwenye shirika la serikali, na bei yake ilikuwa chini ya udhibiti wa serikali. Makaa ya mawe, kwa upande mwingine, yalikuwa yakifuata soko, na mwaka ule bei yake ilipaa. Mitambo ikawa inachoma makaa ghali na kuuza umeme bei ile ile, kwa hiyo mingi ikapunguza kuzalisha. Zaidi ya hapo, kila mkoa ulikuwa na kikomo cha matumizi ya nishati, na viongozi wa mikoa waliokaribia kukivuka walizima viwanda kuliko kuulizwa na Beijing. Oktoba serikali iliruhusu bei ya umeme wa makaa ipande hadi asilimia 20 juu ya bei ya msingi, hali ikaanza kulegea.

Nasimulia haya kwa sababu wengi wetu tunakuja kwenye miji ya biashara, Guangzhou au Yiwu, na hadithi fupi kichwani: China ilikuwa ya kijamaa, akaja Deng Xiaoping, ikawa ya kibepari. Hadithi hiyo itakutia hasara. Soko lilifunguliwa kwelikweli, lakini serikali haikuondoka nyumbani. Mgeni anayejua imekaa chumba gani hupata hasara ndogo kuliko asiyejua.

Mageuzi yenyewe yanahesabiwa kuanzia Desemba 1978, Chama cha Kikomunisti kinachotawala kilipokutana Beijing na Deng akiwa ndiye mwenye sauti. Majira yale yale, katika kijiji cha Xiaogang mkoani Anhui, kaya 18 zilikubaliana kwa siri kugawana mashamba ya pamoja, kila moja ilime yake, itoe mgao wa serikali, kinachobaki kiwe chake. Njaa iliwafundisha. Utaratibu huo ulikubaliwa baadaye nchi nzima. Msomaji aliyekulia kijiji cha ujamaa ataona jambo la msingi upesi: ardhi haikuuzwa wala haikumilikishwa mtu. Hadi leo ardhi ya mjini ni ya serikali na ya kijijini ni ya jumuiya. Anayenunua nyumba mjini ananunua haki ya kutumia ardhi, miaka 70 kwa makazi.

Viwandani walifanya vivyo hivyo. Kwa miaka ya 1980 bidhaa moja ilikuwa na bei mbili: ya mpango kwa mgao wa serikali, na ya soko kwa ziada. Jambo hilo liliamsha uzalishaji, na pia lilitajirisha waliokuwa karibu na madaraka, walionunua kwa bei ya mpango wakauza kwa bei ya soko. Bei nyingi ziliachiwa soko mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kilichotukuta Dongguan, makaa kwa bei ya soko na umeme kwa bei ya serikali, ni masalia ya hapo.

Chen Yun, mzee wa chama aliyeujua uchumi wa mipango kuliko wengi, mwaka 1982 aliufananisha uchumi na ndege: ukimbana mkononi atakufa, ukimwachia ataruka aende zake, basi aruke ndani ya tundu. Tundu limepanuliwa mara nyingi tangu hapo. Mwishoni mwa miaka ya 1990, chini ya waziri mkuu Zhu Rongji, mashirika madogo ya serikali yaliuzwa au kufungwa, na mamilioni ya wafanyakazi wakapoteza ajira. Benki kubwa, nishati, simu na reli zilibaki mikononi mwa serikali. Leo sekta binafsi inatoa zaidi ya asilimia 60 ya pato la taifa, na bado benki inayompa mwenye kiwanda mkopo kwa kawaida ni ya serikali.

Anayetaka kuyaona haya kwa macho aende Yiwu. Watu wa pale walikuwa wachuuzi waliozunguka vijijini wakibadilisha sukari kwa manyoya ya kuku, kazi iliyohesabiwa kuwa ulanguzi. Mwaka 1982 katibu wa chama wa wilaya, Xie Gaohua, baada ya wachuuzi kumkabili uso kwa uso, aliruhusu soko lifunguliwe wakati sheria ya juu ilikuwa bado haijasema ndiyo. Alijitwisha lawama endapo mambo yangeharibika. Mimi humheshimu sana mtu huyu, kwa sababu najua ni viongozi wangapi, kwao na kwetu, ambao kwa lawama ndogo kuliko ile wangewafukuza wachuuzi na kulala usingizi. Leo soko lile lina vibanda zaidi ya 70,000. Mama anayekuuzia vibanio vya nywele ni mfanyabiashara huru kabisa, anashindana na jirani yake hadi senti ya mwisho. Jengo alimokaa linaendeshwa na kampuni ambayo mwenye hisa mkubwa ni serikali ya mji.

Na utaratibu wa forodha unaowasaidia wanunuzi wadogo kama sisi ulibuniwa kwa ajili ya Yiwu, kisha ukasambazwa kwenye masoko mengine. Unaitwa 1039. Unakuruhusu kuchanganya bidhaa za vibanda vingi kwenye tamko moja lisilozidi dola 150,000, bila muuzaji kuwa na risiti ya kodi, ile fapiao. Muulize wakala wako mzigo unatoka kwa njia gani. Akishindwa kukujibu, tafuta mwingine kabla hujalipa.

Sasa fedha, ambako Waafrika Mashariki wengi wameumia. Yuan, fedha ya China, haitoki nchini ipendavyo. Raia wa China ana kikomo cha kununua dola 50,000 kwa mwaka, na akitaka zaidi lazima aeleze za nini. Kikomo hicho ndicho kinacholisha soko la magendo la fedha, na soko hilo huwatafuta wageni. Utakutana na ndugu atakayekuambia: nipe shilingi Dar au Nairobi, kesho mwenye kiwanda atapata yuan. Yuan hizo huenda zimetokana na utapeli wa mtandaoni au kamari. Polisi wa mkoa wa mbali wanafuata nyayo za fedha, wanazuia akaunti ya muuzaji, na mzigo wako unakaa. Kuifungua huchukua miezi, na muuzaji atakudai ulipe tena. Limenipata mara moja, sitaki limpate mtu mwingine. Tuma TT, yaani malipo ya benki kwa benki, kutoka benki ya nyumbani kwenda akaunti ya kampuni, jina lilingane na lililo kwenye mkataba. Ukiambiwa utume kwa akaunti ya shemeji yake, simama hapo hapo.

Kampuni yenyewe itazame kwa jina la Kichina, kwa sababu ndilo linalotambulika kisheria; lile la Kiingereza kwenye kadi ni pambo tu. Omba picha ya leseni ya biashara. Ina namba ya tarakimu 18, na namba hiyo unaweza kuitafuta kwenye daftari la kampuni la serikali, lililo wazi kwa kila mtu mtandaoni. Utaona mwaka wa kuanzishwa, mwakilishi wa kisheria, na kama imewahi kuwekewa alama ya dosari. Mkataba upigwe muhuri mwekundu wa duara. Hapa muhuri una nguvu kuliko sahihi, na mkataba wenye sahihi nzuri bila muhuri utakusumbua sana mbele ya hakimu.

Fuatilia pia matangazo ya wizara ya fedha yao, hata kwa tafsiri ya simu. Tarehe 15 Novemba 2024 ilitangazwa kwamba marejesho ya kodi kwa wanaouza nje paneli za sola na betri yatashuka kutoka asilimia 13 hadi 9, kuanzia tarehe 1 Desemba. Wiki mbili tu. Aliyekuwa na oda ya sola bila bei iliyofungwa kwenye mkataba alijikuta anaanza mazungumzo upya. Andika kwenye mkataba ni nani anabeba mabadiliko ya kodi. Na usipange mzigo utoke karibu na mwaka mpya wa Kichina. Wafanyakazi wanarudi mikoani, viwanda vingine vinafunga karibu mwezi.

Kuhusu kuishi kwako. Usipokaa hotelini, ndani ya saa 24 uwe umejiandikisha kituo cha polisi cha mtaa. Faini inafika yuan 2,000, lakini maumivu makubwa utayapata siku unapoomba kibali cha ukaazi na karatasi ile haipo. Ukihama, rudi kituoni. Visa ikipitiliza ni yuan 500 kwa siku hadi 10,000, au kuwekwa ndani siku tano hadi 15. Wanafunzi, nawaomba kama dada yenu: kumfasiria mfanyabiashara kwa malipo bila ruhusa ya chuo na idara ya uhamiaji ni kazi haramu kisheria, hata kama mtaa mzima unafanya. Faini inaanzia yuan 5,000. Mwenye visa ya biashara naye haruhusiwi kuajiriwa.

Wengi huona usajili huu kama kisa cha ngozi yetu. Ubaguzi upo, Aprili 2020 Waafrika wa Guangzhou walitolewa kwenye nyumba zao wakalala nje, na hilo halisahauliki. Lakini usajili ni mfumo wa zamani unaowabana na wao. Tangu 1958 kila Mchina ana hukou, andiko la mahali anapotoka. Msichana wa mkoa wa Henan anayeshona suruali Guangzhou anaweza kukaa miaka 15 na mwanawe akapata taabu kuingia shule ya serikali hapo. Kazi yake ndiyo iliyojenga mji, ila mji unamhesabu mgeni. Nilipolijua hilo nilianza kuwaamkia majirani zangu kwa namna nyingine, na mmoja wao ndiye aliyenifundisha kuongea na wale wa kamati ya mtaa. Wajue watu wa kamati hiyo kabla hujawahitaji.

Wapo pia wanaotaka kugeuza biashara, walete vya kwetu huku. Tangu tarehe 1 Desemba 2024 nchi zinazohesabiwa maskini zaidi zenye uhusiano wa kibalozi na China, zikiwemo Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo ya Kinshasa, zinaingiza bidhaa zake zote bila ushuru. Nimeona wenzetu wakikimbilia kukodi kontena la baridi kwa habari hiyo peke yake. Ushuru ni mlango mmoja. Parachichi haliingii mpaka shamba lenyewe na banda la kufungashia viwe kwenye orodha iliyosajiliwa na forodha ya China, kupitia wizara ya kilimo ya nyumbani. Anza kwa kuuliza kama shamba unalonunulia limo kwenye orodha hiyo, na uonyeshwe namba yake.