Kemshafti mpya kwenye 4G63 ya turbo: anza na hedi

Alinijia saa mbili asubuhi, sijamaliza hata mahamri yangu. Mitsubishi Airtrek nyeusi ya turbo, na kwenye kiti cha mbele kemshafti mbili, zile shafti zinazofungua valvu za hewa na moshi, zimefungwa kwa gazeti.

"Shikamoo ami. Nifungie hizi leo, kesho nina wageni wa kupeleka Watamu."

"Marahaba mwanangu." Nikazifungua, nikakuta zimeandikwa digrii 280. Nikamwambia azirudishe alikozinunua, na gari aniachie wiki mbili. Hakufurahi. Basi nikamketisha, nikamchorea kwa chaki sakafuni, na niliyomchorea siku ile ndiyo ninayoyaandika hapa, maana wengi wanakuja hapa gerejini Malindi na ombi lile lile.

Injini yenyewe ni 4G63, ndugu moja na ya Lancer Evolution: bloku ya chuma, hedi (kifuniko cha juu chenye valvu) ya aluminiamu, valvu 16, silinda za milimita 85 na mwendo wa pistoni milimita 88. Injini za ukoo huu ndizo zilizompa dereva Tommi Mäkinen ushindi wa Safari Rally mwaka 1996 na tena 2001. Nguvu imo. Ila kwenye injini ya turbo, ile feni inayozungushwa na moshi, hewa inasukumwa kuingia, hainyonywi tu, na hapo ndipo hesabu ya kemshafti inapobadilika.

Zile digrii ni muda ambao valvu inakaa wazi, ukipimwa kwa mzunguko wa krenki, shafti kuu inayozungushwa na pistoni. Zikiwa nyingi, kuna kipindi valvu ya kuingiza imeshaanza kufunguka na ya ekzosi bado haijafunga. Injini isiyo na turbo, ikizunguka kasi, hufaidika na kipindi hicho: moshi unaotoka huvuta hewa mpya nyuma yake. Lakini turbo ndogo ya kiwandani huziba njia ya moshi. Presha iliyo kati ya valvu za ekzosi na turbo mara nyingi huishinda presha ya hewa inayoingia, kwa hiyo valvu zikikaa wazi pamoja, moshi wa moto hurudi ndani ya silinda. Silinda inapata joto, injini inaanza kugonga (mafuta yanalipuka ovyo kabla ya wakati wake), na mwenye gari anashangaa mbona limekuwa zito kuliko lilivyokuwa. Tena gari la huyu kijana ni otomatiki, linapita matuta ya Gede kila siku. Nilimchagulia za digrii 264. Angekuwa na turbo kubwa na gia za mkono, ningekubali 272. Na wewe mwenye Evolution IX, jihadhari: kemshafti yako ya kuingiza inafanya kazi na MIVEC, mtambo unaobadilisha taimingi yake injini ikienda, hizi za kawaida hazikufai.

Kufungua hedi ni kazi ya asubuhi, injini ikiwa imelala usiku kucha ikapoa kabisa. Boliti zilegeze kuanzia za pembeni ukielekea katikati, kidogo kidogo, kwa mizunguko miwili au mitatu. Aluminiamu ukiifungua ina moto, au ukiing'oa upande mmoja kwanza, itapinda. Kila roka (mkono unaosukuma valvu) na kila tapeti (inayoegemewa na roka) uiweke kwa mpangilio ilivyotoka. Mimi natumia trei za mayai, nimeziandika namba.

Sasa hedi iko mezani, na moyo wa kazi uko hapa. Osha kwanza, kisha lalisha rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wake, urefu, upana na mishazari, upitishe fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia mwanya) chini yake. Hedi nzuri haizidi milimita 0.05. Ikifika 0.2 imevuka kikomo, lazima iskimiwe, yaani uso wake ukatwe kwa mashine uwe bapa. Nayo kuskimu ina mwisho: jumla ya kilichokatwa kwenye hedi na kwenye bloku kisipite milimita 0.2. Hedi ikishuka, valvu zinasogea karibu na pistoni na taimingi ya kemshafti inachelewa kidogo.

Ya huyu kijana ilisoma 0.08: haijavuka kikomo, lakini si nzuri. Nikaifunga kwa leso kuukuu na gunia, nikaipeleka Mombasa kwa matatu, nimeipakata mwenyewe mapajani mpaka nikafika. Simwachii utingo kitu kama hiki. Kuna karakana moja iliwahi kunirudishia hedi imeskimiwa kwa kisu butu, ukipitisha ukucha unakwaruza kama tupa. Gasketi za tabaka za chuma, zile ninazopendekeza kwa turbo, zinataka uso laini sana, la sivyo maji yatapenya. Tangu siku ile nasimama pale pale mashine inapokata.

Siti za valvu zikatwe pembe tatu, nyuzi 30, 45 na 60, na ule mstari wa 45 ambao valvu inagusa uwe na upana wa milimita 0.9 hadi 1.3. Ukiwa mwembamba mno, valvu ya ekzosi haipati pa kupozea joto lake. Ukiwa mpana, haibani vizuri. Saga valvu, badilisha sili zake zote, kisha fanya jaribio langu la mafuta ya taa. Igeuze hedi, plagi na valvu zikiwa mahali pake, jaza mafuta ya taa kwenye kila shimo la moto, uiache saa nzima. Chungulia kwenye njia za kuingiza na za ekzosi. Ukiona hata unyevu, rudi ukasage tena.

Vijana wengi wanataka njia za hewa zitanuliwe na zing'arishwe kama kioo. Mimi nakataa. Ukitanua sana, hewa inapoteza kasi na turbo inachelewa kuamka. Kinacholipa ni kuondoa lile tuta la chuma lililobaki nyuma ya siti tangu hedi ilipomiminwa, na kulinganisha mdomo wa hedi na gasketi ya manifoldi pasiwe na ngazi. Upande wa kuingiza naumalizia kwa msasa wa 80 nikauacha hivyo hivyo. Wa ekzosi nang'arisha, kwa sababu masizi hayashiki upesi.

Springi za valvu usizionee huruma mfuko. Valvu ya kuingiza ina upana wa milimita 34, na turbo ikisukuma bari 1.4, mgongo wa valvu hiyo unabeba karibu kilo 13 zinazotaka kuifungua wakati inapaswa kufunga. Ongeza na kemshafti inayoinua juu zaidi, springi ya zamani haiwezi. Nunua seti iliyotengenezwa kwa kemshafti ulizochagua, pamoja na vikombe vyake.

Wakati hedi iko Mombasa, bloku iko wazi huku, nasi tumepakana na bahari. Chuma kilichosafishwa magharibi, asubuhi kimeshapiga wekundu wa kutu, hasa Kaskazi ikivuma. Paka oili, funika kwa nailoni, na siku ya kufunga safisha upya mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe.

Kufunga: boliti za zamani pima urefu kutoka chini ya kichwa chake. Ikizidi milimita 99.4 imeshavutika, tupa. Paka oili kwenye nyuzi za boliti na kwenye washa yake. Kaza kuanzia katikati ukitoka nje, mpaka nyutoni mita 78, kisha legeza zote kabisa, kaza tena 20, halafu zungusha digrii 90, halafu digrii 90 nyingine. Tia alama ya rangi kila boliti ili usihesabu kwa kukisia. Ukitumia stadi za kampuni ya ARP badala ya boliti, fuata karatasi yao na grisi yao.

Tapeti za haidroliki zitumbukize kwenye dizeli safi, bonyeza kile kijigololi cha ndani kwa waya mwembamba huku ukipampu mpaka hewa iishe. Kemshafti uzipake grisi ya kufungia, pini zake zitazame juu, vifuniko vinavyozishika ukaze nyutoni mita 20 kwa zamu.

Kwenye belti ya taimingi ndipo niliwahi kukosea. Sproketi ya pampu ya oili inazungusha pia balansi shafti, ile ya kupunguza mtetemo, na alama yake inaweza kukaa sawa huku shafti yenyewe iko kinyume. Miaka ya nyuma nilitazama alama tu, nikafunga. Gari likatetemeka hata kioo cha ndani hakionyeshi kitu, na mwenyewe akarudi kutoka Kilifi siku hiyo hiyo. Nikafungua kila kitu upya bila kumtoza. Dawa yake: fungua kizibo kilicho ubavuni mwa bloku, ingiza bisibisi ya unene wa milimita 8. Ikizama milimita 60 au zaidi, sawa. Ikigota kwenye 20 au 25, zungusha sproketi mzunguko mmoja ujaribu tena.

Ukimaliza, zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili, kwa upande inaozunguka kawaida. Ukihisi kitu kimegota, simama hapo hapo. Kwenye injini hii valvu na pistoni zinaweza kukutana. Subiri dakika 15, pima mti wa tenshena (kikaza belti) unavyochomoza: milimita 3.8 hadi 4.5.

Kabla ya kuwasha, chomoa waya za injekta, piga stata mpaka taa ya oili izime. Na usimruhusu mwenye gari akanyage mafuta mpaka kompyuta ipangwe upya na mtu mwenye kipimo cha mchanganyiko wa hewa na petroli. Japani petroli ya daraja la juu huuzwa kwa oktani 100, na hii yetu ya pampu haifiki huko, kwa hiyo mwambie fundi wa kompyuta aangalie kwanza kugonga, nguvu baadaye.

Oili ya kwanza nilimwaga baada ya kilomita 500. Nikaikata filta, nikaikunjua karatasi yake juani, kijana ameinama pembeni yangu. Nikapitisha sumaku. Vumbi linalong'aa likiruka kwenye sumaku, ni chuma, katazame kemshafti na roka. Lisiporuka, ni aluminiamu au beringi. Yake ilitoka na grisi ya kufungia na nyuzi mbili za kitambaa, basi.