Kusaidia Watoto wa Nyumbani Tukiwa Ughaibuni: Mwongozo kwa Vikundi vya Akina Mama

Vikundi vingi vya akina mama wa Kitanzania walioko Uingereza huanza na upatu au michango ya misiba, na humo ndimo linamozaliwa wazo la kuwasaidia watoto wanaoishi katika mazingira hatarishi nyumbani. Jambo la kwanza ni kutenganisha fedha. Fedha ya upatu ina mwenyewe na zamu yake, ilhali fedha ya watoto haikopeshwi hata kwa siku mbili. Ifunguliwe akaunti yake, na isitoke bila idhini ya watia saini wawili wasio wa familia moja.

Kwa walioko England na Wales, kikundi cha hisani kikishapata zaidi ya pauni 5,000 kwa mwaka hutakiwa kusajiliwa na Charity Commission (msimamizi wa mashirika ya hisani huko), kwa hiyo ni vyema kuwa na katiba na wadhamini wasiopungua watatu mapema. Kisha ombeni kutambuliwa na mamlaka ya kodi ili mpate Gift Aid, ambayo kwayo serikali huongeza peni 25 juu ya kila pauni iliyotolewa na mlipakodi aliyejaza tamko la Gift Aid. Mama anayechangia pauni 10 kila mwezi atakuwa amewafikishia watoto pauni 150 kwa mwaka badala ya 120.

Katika kuchagua watoto, msitegemee picha zinazotumwa kwa simu wala jamaa wa mwanachama. Mwombeni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, akishirikiana na mwenyekiti wa mtaa au kijiji na mwalimu mkuu, awapendekezee majina, na mtoto aliye na bibi au shangazi wa kumlea abaki kwao. Msaada umfuate pale alipo, asihamishiwe kituo cha kulelea watoto kwa sababu tu ya umaskini.

Ada ya shule za serikali hadi kidato cha nne iliondolewa mwaka 2016, na wafadhili wengi hudhani kwamba mzigo umekwisha. Someni fomu ya kujiunga ya mtoto anayeingia kidato cha kwanza bweni: godoro, shuka, ndoo, sare jozi mbili, viatu vyeusi, madaftari, bunda la karatasi, wakati mwingine jembe na fagio. Kwa bibi anayeuza mchicha, orodha hiyo ni ukuta. Ichukueni fomu yenyewe, pigieni hesabu kila kitu kwa bei ya soko la pale, ongezeni nauli na taulo za kike (ambazo fomu nyingi husahau), kisha zidisheni kwa miaka minne.

Idadi ya watoto itokane na hesabu hiyo, isitokane na huruma ya kikao. Kikundi chetu kiliwahi kuchukua watoto kumi na wawili kwa furaha ya mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili michango ikapungua, na wasichana wawili wakakaa nyumbani muhula mzima wakisubiri fedha tuliyoahidi. Mpaka leo jambo hilo linaniuma. Tangu hapo hatumpokei mtoto mpya kabla ya kuweka akiba ya mwaka mzima kwa ajili yake.

Msisafirishe mitumba wala viatu kutoka Ulaya. Sare ishonwe na fundi cherehani wa jirani, ampime mtoto mwenyewe, na risiti ipigwe picha pamoja na sare, si pamoja na uso wa mtoto. Jina na historia yake ni siri yake na ya walezi wake. Katika ripoti kwa wachangiaji andikeni darasa, mahitaji na kiasi kilichotumika.

Kwa kuwa mwaka wa masomo huanza Januari, fedha ifike mwishoni mwa Novemba, kabla bei za sare na madaftari hazijapanda na kabla fundi hajaelemewa na oda.