Namna ya kufundisha na kuruhusu watumiaji wa mashine za pamoja za utafiti

Idara tatu zinapochangia kununua hadubini moja ya elektroni, kikao cha kwanza huishia katika kujadili ufunguo utakaa kwa nani na bili ya umeme italipwa kutoka fungu gani. Mambo hayo ni ya lazima, na kwa kawaida hupata jibu siku hiyohiyo. Linalobaki bila jibu, mara nyingi hadi siku mashine inapoharibika, ni nani aruhusiwe kukaa mbele ya mashine hiyo peke yake, bila mtu wa kumwangalia, na kituo kitajuaje kwamba anastahili. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya msimamizi aliyekabidhiwa kituo cha mashine za pamoja katika chuo kikuu au taasisi ya utafiti, ambaye anatakiwa kuandaa taratibu za mafunzo na matumizi kabla ya kufungua mlango. Mfano wangu mkuu ni hadubini ya elektroni inayoskani uso wa sampuli, kwa kuwa ndiyo niliyoizoea zaidi, lakini mengi yatakayosemwa yanafaa pia kwa mashine nyingine.

Ruhusa iandikwe kwa jina la mtu

Kanuni ya kwanza, ambayo nisingeshauri ilegezwe kwa sababu yoyote, ni kwamba ruhusa hutolewa kwa mtu mmoja, kwa mashine moja, na kwa muda maalumu. Haitolewi kwa maabara, kwa mradi, wala kwa profesa ambaye fedha zake za utafiti ndizo zilizochangia ununuzi. Profesa huyo ana haki ya kupata huduma, lakini haki hiyo si sawa na ruhusa ya kugusa vitufe. Kama hana muda wa kuhudhuria mafunzo, kazi yake ifanywe na mtaalamu wa kituo, na ada ya huduma hiyo itangazwe mapema kwa wote ili isionekane kuwa ni upendeleo.

Ninasisitiza jambo hili kwa sababu adui mkubwa wa kituo chochote cha pamoja ni kufundishana kienyeji. Mwanafunzi wa uzamivu anayekaribia kumaliza humwonyesha mdogo wake wa maabara, naye mwaka unaofuata humwonyesha mwingine, na kila mara hatua moja hudondoka njiani. Inayodondoka huwa ni ile ambayo sababu yake haikuelezwa, kwa mfano kupuliza kwa hewa safi unga uliolegea juu ya sampuli kabla ya kuiingiza kwenye chemba, yaani kichumba cha ndani ya hadubini kinachoondolewa hewa. Anayeiruka hatua hiyo haoni madhara yoyote siku hiyo. Unga huenda ukaingia kwenye pampu au kutua karibu na lenzi, na picha zikaanza kuharibika wiki kadhaa baadaye, mikononi mwa mtu asiyehusika kabisa. Kwa hiyo taratibu ziseme waziwazi kwamba anayemfundisha mwenzake bila idhini na anayetumia akaunti ya mwenzake wanafungiwa wote wawili.

Wala mazoea hayachukui nafasi ya mafunzo. Mwezi Desemba 1998, katika Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, sampuli za maziwa zilikuwa zikizungushwa katika sentrifuji ya kasi kubwa, yaani mashine ya kutenganisha vitu kwa kuvizungusha, kwa kutumia rota (kishikio kinachozunguka na mirija ya sampuli) ya alumini iliyokuwa imetumika kwa kazi hiyohiyo mara nyingi. Baada ya takriban saa moja rota ilivunjika kwa kuzidiwa na mkazo, na mashine nzima ikaharibiwa. Anayefundisha sentrifuji ya namna hiyo asiishie kwenye kusawazisha mirija. Amfundishe mtumiaji kwamba kila rota ina historia yake ya mizunguko na saa za kazi, ina ukomo wake wa kasi, na ina siku yake ya kustaafu.

Mazungumzo kabla ya mafunzo

Usimpangie mtu siku ya mafunzo kabla hujazungumza naye kuhusu sampuli yake. Nusu saa ya mazungumzo, pamoja na fomu ya ukurasa mmoja iliyosainiwa na msimamizi wake wa utafiti, huokoa siku nyingi za mashine. Muulize anataka kujua nini, kwa sababu wapo wanaoomba hadubini ya elektroni kwa swali ambalo hadubini ya kawaida ya mwanga ingelijibu kwa nusu saa na kwa gharama ndogo. Muulize kama sampuli ni kavu kabisa, kwani jani bichi au udongo wenye unyevu utatoa mvuke ndani ya chemba, na ombwe, yaani hali ya kutokuwa na hewa, halitafikiwa au litachukua muda mrefu kupita kiasi. Muulize kama ina sumaku, kwa kuwa chembe za sumaku zinaweza kuvutwa na lenzi na kubaki huko. Muulize kama inapitisha umeme. Mfupa, kipande cha saruji na bawa la mdudu huhitaji kupakwa tabaka jembamba la dhahabu au kaboni, la unene wa nanomita chache, ili chaji isirundikane na kuharibu picha. Tishu na vimelea vinavyoweza kuambukiza visipokewe mpaka vimeuliwa kwa dawa ya kuhifadhia na uthibitisho wa maandishi umewasilishwa.

Mafunzo yenyewe

Pendekezo langu ni vikao vitatu kwa kila mashine, na wasizidi watu watatu kwa kikao. Wakiwa watano, wawili watatazama migongo ya wenzao.

Kikao cha kwanza ni cha kutazama, kusikiliza na kuelezwa sababu. Kikao cha pili ni cha mikono ya mwanafunzi, na hapa mkufunzi anatakiwa kujizuia: aweke mikono yake nyuma na azungumze tu. Anayenyakua kipanya kila mwanafunzi anapokwama anajifundisha mwenyewe. Kikao cha tatu kila mtu huja na sampuli yake, maana sampuli za mazoezi huwa zimechaguliwa kwa upole wake, na ugumu hujitokeza mtu anapoleta jiwe lake lenye pembe au nyuzi zake zisizotulia.

Kuna hatua moja ambayo ningetumia nayo muda mrefu kuliko nyingine zote, nayo ni urefu wa sampuli. Mwanafunzi abandike sampuli kwenye kishikio kwa utepe wa kaboni, aiguse kidogo kwa kibano kuhakikisha haichezi, kisha apime kwa rula umbali kutoka chini ya kishikio hadi ncha ya juu kabisa ya sampuli, na aandike namba hiyo kwenye karatasi kabla ya kufunga mlango wa chemba. Jukwaa linalobeba kishikio lianzie chini. Lipandishwe polepole huku macho yakiwa kwenye kamera ya ndani ya chemba, si kwenye picha ya elektroni, kwa sababu picha ya elektroni haitakuonyesha kwamba kona ya sampuli imebakiza milimita mbili kugusa lenzi. Na kabla ya kuruhusu hewa iingie ili kutoa sampuli, jukwaa lirudishwe chini tena. Mwanafunzi afanye mzunguko huu mara tatu mfululizo, hata akilalamika kwamba ameshaelewa.

Baada ya vikao hivyo uwepo mtihani wa vitendo. Mtahiniwa aanze na mashine iliyopumzika, aingize sampuli, apate picha iliyo kali katika ukuzaji uliokubaliwa, ahifadhi data, atoe sampuli, na aiache mashine kama alivyoikuta. Katikati ya kazi, mkufunzi amwambie ghafla: umeme umekatika sasa hivi, unafanya nini? Katika vituo vyetu hili si swali la kubuni. Jibu sahihi ni kwamba betri za akiba zimewekwa ili kuizima mashine kwa utaratibu, wala si kumalizia picha iliyobaki. Kwamba pampu ya tabo, ile inayotoa hewa ndani ya chemba na inayozunguka makumi ya maelfu ya mizunguko kwa dakika, iachwe isimame yenyewe. Na kwamba umeme ukirudi hakuna anayewasha chochote mpaka mhusika wa kituo apigiwe simu. Asiyejibu hivyo arudie mtihani siku nyingine, bila kuaibishwa.

Ngazi za ruhusa

Aliyefaulu asipewe usiku siku hiyohiyo. Mwanzoni atumie mashine katika saa za kazi tu, mtaalamu akiwa ndani ya jengo. Akishamaliza vikao vitano hivi bila hitilafu na daftari lake likiwa limejazwa ipasavyo, apewe kadi ya kuingia jioni na mwisho wa wiki. Asiyegusa mashine kwa miezi 6 arudi kwa kikao kifupi cha kukumbushwa, hata kama alikuwa hodari, kwa sababu mikono husahau kabla ya kichwa.

Kwa mashine zenye vimiminika vya baridi kali, kama NMR (mashine inayochunguza muundo wa molekuli kwa sumaku yenye nguvu) ambayo sumaku yake hupozwa kwa heliamu kimiminika katika nyuzi −269 za Selsiasi, ngazi hizi ziwe kali zaidi. Lita moja ya naitrojeni kimiminika hugeuka kuwa gesi ya karibu lita 700, na katika chumba kisicho na hewa ya kutosha gesi hiyo hufukuza oksijeni bila harufu wala dalili. Kipimo cha oksijeni kiwepo ukutani, chombo cha naitrojeni kisipandishwe kwenye lifti pamoja na mtu, na anayejaza asiwe peke yake. Na kwa sababu ya sumaku, mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo aulizwe mlangoni, wala asisubiriwe ajitambulishe mwenyewe.

Ratiba, ada na daftari

Weka kikomo cha saa ambazo mtu mmoja anaweza kujiandikia kwa wiki katika muda wenye msongamano, na muda wa mwisho wa kufuta nafasi. Saa 24 zinatosha. Asiyefika bila taarifa atozwe kana kwamba alifika. Ada ihesabiwe kwa saa, na watumiaji waelezwe inalipia nini. Filamenti ya tangsteni, yaani waya mwembamba unaotoa elektroni, huishi makumi ya saa, pengine ikafika 100, kwa hiyo anayeacha miale ikiwaka huku amekwenda kunywa chai anakula bajeti ya mwenzake. Watu wakielezwa hivyo, wengi huizima wenyewe.

Daftari la karatasi liwepo pembeni ya mashine hata kama mna mfumo mzuri wa kompyuta, maana kalamu haihitaji nywila. Kila mtumiaji aandike jina, aina ya sampuli, saa ya kuanza na kumaliza, kiwango cha ombwe alichokikuta, na jambo lolote alilolishangaa. Data isichukuliwe kwa fleshi. Kompyuta ya mashine mara nyingi hutumia mfumo wa zamani usioweza kusasishwa, na kirusi kimoja kinaweza kuifunga kwa mwezi mzima. Ipelekwe kwenye seva ya chuo, na tangazeni mapema ni baada ya siku ngapi itafutwa kwenye kompyuta ya mashine. Katika makala watakazochapisha, watumiaji wakitaje kituo kwa jina lake, kwani mfadhili anayeulizwa fedha za matengenezo hutaka kuona orodha ya makala hizo.

Hitilafu ikitokea

Katika kituo kimoja nilichowahi kufanya kazi, mtumiaji alipandisha jukwaa akiwa amesahau kwamba jiwe lake la siku hiyo lilikuwa refu kuliko la jana yake. Jiwe likagonga kigunduzi kilicho chini ya lenzi. Alisikia mlio mdogo, akashusha jukwaa, akatoa sampuli, na akaandika kwenye daftari kwamba hakuna tatizo. Waliomfuata walipata picha zilizofifia upande mmoja, na kila mmoja akadhani kosa liko kwenye sampuli yake. Wakazipaka dhahabu upya, wakazipiga upya, wakalipia saa upya. Nilipozungumza naye hatimaye, alinionyesha tangazo lililokuwa mlangoni: atakayeharibu atalipa. Tangazo lile tulikuwa tumelibandika sisi wenyewe, na mimi nilikuwa mmoja wa waliokubali maneno yake. Mwanafunzi anayeishi kwa posho hawezi kulipia kigunduzi. Tulichokuwa tumemfundisha ni kunyamaza.

Kwa hiyo andika kinyume chake, na uyaandike kwa herufi kubwa kuliko kanuni nyingine. Anayeripoti hitilafu papo hapo, hata kama ameisababisha kwa kukosea, hatozwi fedha wala hafungiwi; anachopata ni kikao cha kurudia hatua iliyomshinda. Anayeficha anafungiwa kwa muda uliotajwa, na msimamizi wake anaandikiwa barua. Namba ya simu ya kupiga iwe imebandikwa kwenye skrini yenyewe, pamoja na sentensi moja tu: acha kila kitu kilivyo, piga simu. Kanuni hii itajaribiwa siku ya kwanza mtu atakapoleta habari mbaya, na wote watakuwa wakitazama uso wako.

Kufunga akaunti

Mtumiaji anapohitimu au mkataba wake unapokwisha, saini ya kituo iwe mojawapo ya saini anazotakiwa kukusanya kwenye fomu yake ya kuondoka. Siku anayosainiwa, kadi yake izimwe, akaunti ifungwe, na aondoke na visanduku vyake vya sampuli, au aandike kwa mkono wake jina la anayemwachia na tarehe ya kuvitupa. Vile vitakavyokutwa kabatini bila jina visitumike na mtu mwingine yeyote, wala visimwagwe kwenye sinki. Vipelekwe kwa afisa usalama wa maabara kama taka ya kemikali isiyojulikana.