Kubadilisha amortiseri za mbele: pima mhimili kwanza

Kwa sisi wa Goma ambao mawe ya volkano yanatumalizia amortiseri (miguu ya mbele inayopunguza mishtuko): kama unataka kufunga za moto (pikipiki) mpya kwenye moto ya zamani, nunua mbele nzima, pamoja na mhimili wa usukani (chuma kinachopita ndani ya shingo ya fremu), gurudumu na breki. Usinunue miguu miwili peke yake. Kisha tafuta rulema (beringi) ambazo upana wa ndani unaingia kwenye mhimili mpya, na upana wa nje unakaa kwenye kadre (fremu) ya zamani. Kadre haiguswi, hakuna kuchomelea. Mimi nilipima kwa macho, nikarudi kwa muuza piesi mara tatu. Azima kipimo cha milimita.

Inakataa wapi? Mhimili mpya ukiwa mfupi: nati ya juu haipati nyuzi za kushika. Hapo acha, hata fundi akisema "itashika tu."

Amortiseri zikiwa ndefu, pandisha mirija yake kidogo juu ya vishikio vinavyoibana, pande zote sawa. Halafu zungusha usukani mpaka mwisho, kushoto na kulia, na ukandamize mbele kabisa: gurudumu lisiguse injini wala bomba la moshi.