«Sidéral» maana yake nini, na namna ya kuipima ukiwa Lubumbashi

Neno la Kifaransa «sidéral» limetoka kwenye Kilatini: sidus, sideris, yaani nyota au kundi la nyota. Kwa Kiswahili inatosha kusema «-a nyota»: siku ya nyota, mwaka wa nyota. «Sidéré», mtu aliyepigwa na bumbuwazi, ni ndugu yake, kwa sababu Warumi waliamini nyota zinaweza kumpiga mtu akapooza.

Siku ya nyota ni muda ambao Dunia inajizungusha mara moja ukiihesabu kwa nyota: saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Siku ya jua inazidi kwa karibu dakika 4, maana Dunia inasogea kama digrii moja kila siku katika njia yake, na lazima ijizungushe kidogo zaidi ili jua lirudi palepale.

Tofauti hiyo unaweza kuiona mwenyewe. Kiangazi ndicho kipindi kizuri, anga likiwa halina mawingu. Katikati ya Julai, saa nne usiku, tazama magharibi uitafute Spica, nyota nyeupe yenye ubuluu. Toboa katoni kwa msumari, uipigilie kwenye nguzo imara, mita 5 mashariki ya nyumba. Chungulia kwenye tundu, uandike saa, dakika na sekunde nyota inapozama nyuma ya ukingo wa juu wa paa. Usitumie kona ya ukuta: huku kwetu nyota za magharibi hushuka karibu wima, kwa hiyo kona haiikati njia yake vizuri. Rudia baada ya siku 7. Nyota itazama mapema kwa dakika 27 na sekunde 31.

Ukipata jibu jingine, kwanza kagua katoni. Kwa umbali huo, jicho likipanda au kushuka sentimita 1 tu, unakosea karibu nusu dakika. Ndiyo maana kushika katoni kwa mkono hakufai kabisa. Kisha kagua saa ya simu kama inajirekebisha yenyewe kwa mtandao. Na hakikisha hukuchagua sayari: sayari hupita karibu na Spica, haimetimeti sana, na kila usiku husogea kati ya nyota, basi hesabu yake haiwezi kuwa «sidérale».